Masharti ya Kukamilisha na Kutetea Tasnifu ya Uzamivu ya Akiolojia: Mfano wa Pujini, Pemba

Katika kijiji cha Pujini, Wilaya ya Chake Chake, Mkoa wa Kusini Pemba, yapo mabaki ya ngome ambayo wenyeji huyahusisha na mtawala aliyejulikana kwa jina la Mkama Ndume. Wanaakiolojia huyaweka katika karne ya 15 na ya 16. Maboma yake ya udongo yameporomoka kwa mvua na mizizi ya miti, mawe ya majengo ya ndani yametawanyika, na kisima chake kingali kinaonyeshwa kwa wageni.

Mwanafunzi anayetaka kupata shahada ya uzamivu kwa kuchimba mahali kama hapa hukabiliwa na jambo ambalo wenzake wa fani nyingi hawakabiliwi nalo. Mkemia akitiliwa shaka hurudia jaribio. Mwanahistoria hurejea nyaraka, akamwonyesha mwenye shaka ukurasa na mstari. Mwanaakiolojia hana cha kurudia, kwa kuwa tabaka la udongo alilolisoma amelibomoa katika kulisoma. Kinachobaki ni daftari, michoro, picha, ramani na mifuko ya vigae iliyoandikwa namba. Kwa sababu hiyo, masharti ya kukamilisha na kutetea tasnifu ya akiolojia huanza kutimizwa miaka kadhaa kabla ya siku ya utetezi, na sehemu kubwa hutimizwa uwandani.

Mamlaka mbili juu ya utafiti mmoja

Shahada ya uzamivu ndiyo ngazi ya juu kabisa, ngazi ya 10, katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Elimu ya juu ni miongoni mwa mambo ya Muungano, hivyo tume hiyo husimamia vyuo vya Tanzania Bara na vya Zanzibar. Mambo ya kale, kwa upande mwingine, si jambo la Muungano. Kwa hiyo mwanafunzi aliyesajiliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako akiolojia imekuwa ikifundishwa tangu miaka ya 1980, akiamua kuchimba Pemba, shahada yake huongozwa na taratibu za chuo zinazosimamiwa na TCU, ilhali uchimbaji wake huongozwa na sheria za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Tofauti hii huwapotezea muda watafiti wasioielewa mapema. Kwa Tanzania Bara, uchimbaji hutawaliwa na Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, na kibali cha utafiti hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Leseni ya kuchimba Bagamoyo au Kilwa haimruhusu mtu kutia jembe Pujini. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya utafiti, na ruhusa ya kuchimba hutoka katika mamlaka yenye dhamana ya makumbusho na mambo ya kale. Mtafiti ambaye si raia huhitaji pia kibali cha ukaazi kinachoendana na shughuli ya utafiti.

Vibali vikishapatikana, mtafiti hujitambulisha ngazi ya mkoa na wilaya, kisha kwa sheha wa shehia husika. Hatua hii ya mwisho si ya heshima tu. Ardhi ya Pemba imejaa mikarafuu, minazi na mihogo, na shimo dogo la majaribio huweza kuangukia katikati ya shamba la mtu. Bila ridhaa ya mwenye shamba hakuna shimo, na bila shimo hakuna sura ya nne ya tasnifu.

Swali kabla ya jembe

Mwombaji wa uzamivu hutarajiwa kuwa na shahada ya uzamili katika akiolojia au fani inayokaribiana nayo. Akishakubaliwa na kupangiwa msimamizi, kazi yake ya kwanza ni pendekezo la utafiti, ambalo huliwasilisha mbele ya idara na baadaye ngazi za juu za chuo. Wengi hudhani kuwa pendekezo ni hati ya kueleza mtu anakwenda kuchimba wapi. Wanaolisoma hutafuta jambo jingine: swali ambalo bado halijajibiwa, na sababu ya kuamini kuwa udongo wa mahali hapo unaweza kulijibu.

Pujini inafaa kuonyesha ugumu wa sharti hilo. Eneo hilo limekuwa likielezwa katika maandishi tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na katika miaka ya 1990 lilichimbwa na timu ya Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Mwanafunzi wa leo hawezi kuandika kwamba anakwenda kugundua ngome ya Mkama Ndume. Ilikwisha kugunduliwa, na wenyeji hawakupata kuisahau. Akisema anataka kujua kama waliojenga maboma walikuwa watu wa vijiji vya jirani, lazima aeleze ni ushahidi gani wa udongoni utakaotofautisha jibu la ndiyo na jibu la hapana.

Tasnifu mbili zilizotokana na utafiti wa Pemba zinaonyesha jinsi swali jipya linavyopatikana katika kisiwa kilekile. Jeffrey Fleisher alikamilisha yake Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 2003. Badala ya kukaa kwenye miji ya mawe pekee, aligeukia mashamba na vijiji vya kaskazini mwa Pemba, akachimba vishimo vidogo kwa mpangilio maalumu ili kupata makazi ya nyumba za miti na udongo ambazo hazikuacha ukuta wa kuonekana. Kazi yake ilionyesha kuwa mji wa Chwaka ulipokua, kuanzia yapata karne ya 11, vijiji vya jirani vilipungua, dalili kwamba watu wa mashambani walihamia mjini. (Chwaka hii ni ya Pemba, karibu na Tumbe, si Chwaka ya Unguja. Mapokeo humtaja Haruni, anayehusishwa na magofu yake, kuwa mtoto wa Mkama Ndume.)

Sarah Walshaw, aliyekamilisha tasnifu yake Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, mwaka 2005, aliuliza swali dogo zaidi kwa umbo lakini zito kwa maana: watu hao walikula nini? Alitumia mbegu zilizoungua moto karne nyingi zilizopita. Udongo wa mchimbo hutiwa majini, mbegu na makaa mepesi vikaelea, vikachujwa, vikakaushwa na kutambuliwa kwa darubini. Mbegu za kale zaidi zilionyesha uwele kuwa nafaka kuu; za baadaye, hasa Chwaka, zilionyesha mpunga ukichukua nafasi kubwa. Jibu hilo lisingepatikana kama udongo ungetupwa baada ya vigae kuokotwa. Ndiyo maana wasomaji wa pendekezo huuliza mapema ni sampuli gani zitachukuliwa, kwa kiasi gani, na nani atazichambua.

Kumbukumbu za mchimbo

Kila tabaka hupewa namba yake na kuelezwa kwa rangi, ugumu na mchanganyiko wa udongo kabla ya kuondolewa. Kila kitu kilichopatikana hubeba namba ya tabaka kilimotoka, na mfuko uliopoteza namba hauna thamani ya ushahidi hata ukiwa na kigae kizuri kuliko vyote. Kuta za mchimbo huchorwa kwa vipimo. Siku ya utetezi, swali la mtahini huweza kuwa fupi kama hili: kipande hiki cha makaa kilichopimwa umri kilitoka wapi hasa? Anayefungua daftari na kuonyesha mchoro anaendelea mbele. Anayejibu kwa kumbukumbu ya kichwa amejiweka pabaya.

Upimaji wa umri kwa kaboni una mtego wake kwa eneo kama Pujini. Kipimo hakitoi mwaka mmoja, hutoa kipindi, na kipindi hicho huweza kuchukua miongo kadhaa au zaidi. Ngome iliyotumika katika karne ya 15 na ya 16 ilishuhudia miaka ambayo Wareno waliingia katika pwani hii, kuanzia 1498. Swali la kama jengo fulani lilijengwa kabla au baada ya mwaka huo haliwezi kujibiwa kwa kipande kimoja cha makaa. Mtahiniwa hutakiwa kuunganisha vipimo kadhaa, aina za vyungu vya kienyeji na vyombo vya nje ambavyo umri wake unafahamika, kisha aeleze pale ambapo ushahidi unaishia. Kukiri mpaka huo hakumpunguzii alama. Kujifanya haupo humpunguzia.

Vitu vilivyochimbwa si mali ya mwanafunzi wala ya chuo chake. Hubaki kuwa mali ya nchi, na kusafirisha sampuli nje kwa ajili ya maabara huhitaji ruhusa ya maandishi. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaozuia biashara na uhamishaji haramu wa mali za utamaduni, na vyuo makini hukataa kutahini kazi iliyotokana na vitu vilivyotolewa nchini bila idhini.

Mapokeo ya Mkama Ndume

Hakuna anayefika Pujini bila kusimuliwa. Jina lenyewe linatokana na kitenzi kukama, na hufasiriwa kuwa mkamuaji wa wanaume. Inasimuliwa kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi huku wakijisogeza kwa makalio. Kuhusu kisima, husemwa kwamba alikuwa na wake wawili wasiopatana, akakigawa kwa ukuta ili wasionane wakati wa kuteka maji. Chini ya ardhi ndani ya ngome kipo chumba ambacho LaViolette alikieleza kuwa mahali pa ibada, chenye umbo la siwa lililofinyangwa kwenye lipu ya ukuta. Siwa, kama wasomaji wa pwani wanavyojua, ni baragumu ya enzi, na kuiweka mahali pa siri chini ya ardhi ni jambo la kuulizia.

Mtahiniwa afanye nini na masimulizi haya? Zipo njia mbili zinazoangusha tasnifu nyingi. Ya kwanza ni kuyachukua kama yalivyo, kisha kila ukuta uliochimbwa ukawa uthibitisho wa ukatili wa mtawala. Ya pili ni kuyatupa kwa kuwa hayana tarehe. LaViolette aliandika mwaka 2004 uchambuzi kuhusu matumizi ya vyanzo vya maandishi na vya mdomo katika akiolojia ya Pemba, na kazi hiyo ingali somo zuri kwa mwanafunzi: simulizi huchunguzwa kama ushahidi mwingine wowote, kwa kuuliza nani anasimulia, lini, na kwa nini lilihifadhiwa hivyo. Simulizi la watu waliolazimishwa kubeba mawe huweza kuwa limehifadhi namna vijiji vilivyouona utawala wa ngome, hata kama kila tukio ndani yake halithibitiki.

Utafiti unaohoji wazee huhitaji pia idhini ya maadili ya utafiti kutoka chuoni. Msimuliaji huelezwa maneno yake yatatumikaje, na huwa na haki ya kukataa kutajwa jina. Pujini zipo sehemu ambazo wenyeji huzipa heshima ya kiroho, hivyo ridhaa yao juu ya wapi pachimbwe na wapi pasiguswe ni bora ipatikane kabla ya vipimo vya kwanza kuwekwa.

Tasnifu na watahini wake

Urefu wa tasnifu hutegemea chuo. Cambridge, kwa mfano, huweka ukomo wa maneno 80,000 kwa akiolojia bila kuhesabu viambatisho, na katika fani hii viambatisho huweza kuwa vinene kuliko matini: orodha za vigae, majedwali ya vipimo, michoro ya matabaka. Wanafunzi huviona kuwa mzigo wa mwisho. Watahini wengi huvifungua kwanza. Kabla ya kuwasilishwa, kazi huthibitishwa na msimamizi na kukaguliwa kwa programu ya kubaini wizi wa maandishi.

Sharti kuu, popote pale, ni mchango mpya wa maarifa. Felix Chami aliwasilisha Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, mwaka 1994 tasnifu kuhusu pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Wakati huo walikuwapo wataalamu wenye sifa waliowahesabu wageni kutoka ng'ambo kuwa waanzilishi wa miji ya pwani. Kwa kufuatilia mitindo ya vyungu, Chami alijenga hoja kwamba jamii hizo zilitokana na wakulima na wafua chuma waliokuwapo tayari katika eneo hili. Mwaka 2004 Abdurahman Juma, Mzanzibari, aliwasilisha chuoni hapohapo tasnifu kuhusu Unguja Ukuu na mwanzo wa miji. Tarehe za mwanzo wa mji huo zimeendelea kupimwa upya na wachimbaji waliofuata, jambo ambalo linawezekana kwa sababu kumbukumbu za michimbo zilichapishwa zikaonekana na wote.

Kwa Tanzania, tasnifu hupelekwa kwa watahini, akiwamo wa nje ya chuo, ambao huandika ripoti zao kila mmoja peke yake. Ripoti zikiruhusu, mtahiniwa huitwa kutetea mbele ya jopo lenye mwenyekiti. Huwasilisha kwa ufupi, kisha huulizwa. Jopo huweza kupendekeza afaulu, afaulu kwa masharti ya marekebisho, aandike upya sehemu kubwa na kuwasilisha tena, au asifaulu. Matokeo ya kawaida ni marekebisho, na mwananchi asishangae kusikia jamaa yake ametetea lakini bado hajaitwa daktari.

Nchi nyingine zina desturi zao, na Watanzania waliosoma huko wamezipitia. Uingereza, mtahiniwa kwa kawaida hukaa faragha na watahini wawili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje. Marekani, hufanya kwanza mitihani mipana ya fani, hutetea pendekezo, kisha huandika chini ya kamati ambayo msimamizi ni mjumbe wake. Sweden ndiyo yenye utaratibu ulio tofauti zaidi. Tasnifu huchapishwa kabla ya kutetewa na kutangazwa kwa umma yapata wiki tatu kabla, na kwa desturi ya zamani nakala hugongomelewa ubaoni kwa msumari. Siku yenyewe mlango u wazi kwa kila mtu. Msomi kutoka nje, aitwaye mpinzani, huihoji kazi mbele ya hadhira, na kamati ya wajumbe watatu au watano huamua. Kwa kuwa kitabu kimekwisha kuchapishwa, hakuna nafasi ya marekebisho makubwa baadaye. Mashaka yote hutakiwa kumalizwa kabla ya kufika kiwandani.

Baada ya utetezi

Marekebisho yakithibitishwa, Seneti ya chuo huidhinisha tuzo, nakala ya mwisho huwekwa maktaba na kwenye hazina ya kidijitali, na mhitimu hutunukiwa kwenye mahafali. Chuo kimemaliza kazi yake hapo. Mamlaka ya mambo ya kale bado ina madai: ripoti ya uchimbaji, orodha kamili ya vitu vilivyopatikana na mahali vilipohifadhiwa, na nakala ya tasnifu. Michimbo nayo hutakiwa iwe imefukiwa, kwani shimo lililoachwa wazi kwenye boma la udongo hugeuka mfereji katika masika ya kwanza.

Liko pia suala la lugha. Tasnifu nyingi za akiolojia ya pwani zimeandikwa kwa Kiingereza, zikiwamo zilizotegemea masimulizi yaliyotolewa kwa Kiswahili. Muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, ukiwa na picha na ramani, hauongezi gharama kubwa kwa mtu aliyekwisha kuandika mamia ya kurasa, na mwanafunzi anaweza kuuweka kwenye bajeti ya pendekezo tangu mwanzo. Kwa utafiti wa Pujini, nakala zake zingepelekwa kwa sheha, kwenye skuli ya kijiji na kwenye makumbusho ya Chake Chake.